Tegu Walitoka, Ng'ombe Wakaendelea Kukonda

Kisa hiki ni cha boma moja la wafugaji wa Kimaasai katika bonde la Mkata, mkoani Morogoro. Familia ilihama kutoka Kiteto ikifuata maji na nyasi, na pamoja na ng'ombe ikaja na gunia la magome ya olmukutan, mti wa dawa ya minyoo. Nimechanganya humu mambo ya zaidi ya boma moja ili mwenye mali asitambulike, ila mwendo wa ugonjwa, wa dawa na wa mabishano ni ule unaokutwa mara nyingi huko bondeni.

Malalamiko yalikuwa haya. Kiangazi kikielekea mwisho, majike wazima walikonda hadi mbavu zikahesabika, ilhali majani ya ukingo wa kinamasi yalikuwa bado mabichi. Maziwa yalipungua. Manyoya yalisimama na kupoteza mng'ao. Baadhi ya ndama nao walikuwa na matumbo makubwa, wakiharisha mara kwa mara. Mzee wa boma alikwisha kuwanywesha wote olmukutan mara mbili, na alikuwa na ushahidi kwamba dawa imefanya kazi: siku iliyofuata kinyesi cha ndama kilikuwa na vipande vyeupe vya bapa, vingine vidogo kama punje za mchele. "Daktari, minyoo nimeiona kwa macho yangu ikitoka," alisema. "Sasa ng'ombe anakonda na nini?"

Swali la haki kabisa, na jibu lake ndilo kisa chenyewe.

Tuanze na uvimbe, kwa sababu karibu utupotezee njia. Mchungaji, kijana wa mzee, alisema majike wawili wana uvimbe laini chini ya taya. Mama anayekamua alikataa katakata: yeye huwashika kila alfajiri na hajaona kitu. Wote wawili walisema kweli. Ng'ombe aliyepungukiwa damu na protini hukusanya maji chini ya taya anaposhinda kutwa kichwa kikiwa chini akila. Usiku akilala na kucheua kichwa kikiwa juu, maji hutawanyika. Anayemwona jioni anauona uvimbe, anayemwona alfajiri haoni. Mtaalamu akifika saa mbili asubuhi, akaangalia na kuondoka, ataandika kwamba uvimbe hakuna. Katika boma waulize wote, na uwaulize kila mmoja kwa saa yake.

Ukope wa ndani wa majike wale ulikuwa mweupe badala ya kuwa mwekundu wa waridi. Damu imepungua, hilo lilikuwa wazi. Lakini Mkata inapakana na Hifadhi ya Mikumi, na mbung'o wapo. Ng'ombe aliyekonda na kupungukiwa damu katika eneo kama lile ni mtuhumiwa wa nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o, kabla ya kuwa mtuhumiwa wa minyoo. Kwa hiyo ilichukuliwa damu ya sikioni, ikapakwa kwenye vioo, ikatazamwa kwa darubini, huku joto la mwili likipimwa na tezi kupapaswa. Hakukuwa na homa, tezi hazikuvimba, vimelea havikuonekana. Kioo kimoja kisicho na kitu hakiwezi kumwondolea ng'ombe nagana, maana vimelea huja na kupotea kwenye damu. Lakini majike kadhaa wenye dalili zile zile, wote bila homa na bila kitu kwenye vioo, walitosha kutusogeza upande wa pili. Ndigana baridi, ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe, nayo ilifikiriwa na kuwekwa kando kwa sababu hizo hizo.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ingetakiwa kumshtua yeyote tangu mwanzo: waliokonda zaidi walikuwa wakubwa kwa umri, si ndama. Minyoo duara ya tumboni na ya utumbo, kama Haemonchus placei anayenyonya damu katika tumbo la nne, au Cooperia, huwatesa hasa ndama na mitamba. Ng'ombe akikua katika malisho yenye minyoo hiyo, mwili hujifunza kupambana nayo, na jike mzima mwenye chakula cha kutosha huibeba michache bila kuonyesha lolote. Kwa hiyo majike wa miaka sita na saba wanapokonda kuliko ndama wao, mtu awaze mdudu ambaye mwili wa ng'ombe haujifunzi kumshinda vizuri. Katika bonde lenye kinamasi mdudu huyo ana makao yanayojulikana. Ni ini.

Kinyesi kilichukuliwa kwa mkono wenye glavu moja kwa moja kutoka njia ya haja kubwa, kwa sababu cha kuokota chini huwa na minyoo ya udongoni inayochanganya macho. Kikawekwa kwenye ubaridi, kikapelekwa mjini siku hiyo hiyo. Majibu ya kwanza yalisema: ndama wana mayai ya minyoo duara kwa wingi na ya tegu, majike wana mayai machache sana ya minyoo duara, "hakuna tatizo kubwa". Mzee aliposomewa karatasi ile alicheka. Maabara imesema ng'ombe wazima hawana minyoo, na yeye anawaona wanakufa.

Shida ilikuwa namna ya kupima. Kipimo cha kawaida huchanganya kinyesi na maji yenye chumvi nyingi au sukari; mayai mepesi huelea juu, yakahesabiwa katika kioo cha McMaster. Mayai ya minyoo duara huelea, ya tegu huelea. Mayai ya minyoo bapa ya ini ni mazito, huzama chini ya chombo pamoja na uchafu, na yule anayechota juu hayaoni hata yakiwa mengi kiasi gani. Ili kuyapata, kinyesi huoshwa kwa maji matupu, kikaachwa kitulie, maji ya juu yakamwagwa, tena na tena, hadi kibaki kitope cha chini; hicho ndicho kinachotazamwa. Sampuli zilirudishwa na maombi ya kipimo cha kuzamisha. Mayai makubwa, ya rangi ya dhahabu, yenye kifuniko upande mmoja, yalionekana kwa karibu kila jike aliyekuwa na dalili. Anayepeleka kinyesi maabara aandike anatafuta nini. "Kipimo cha minyoo" peke yake ni ombi la nusu, na utapewa nusu ya jibu.

Hapo ndipo mama akakumbuka jike aliyechinjwa miezi kadhaa nyuma baada ya kushindwa kusimama. Ini lilikuwa gumu, mirija ya nyongo imetuna na kukakamaa, na lilipokatwa vilitoka vitu bapa kama majani. Lilitupiwa mbwa. Nyama ililiwa, ngozi ikatundikwa, na ushahidi mkubwa kuliko wote ukaishia nyuma ya zizi. Kila boma huchinja, na kila machinjio ya kijiji hukata maini. Mwenye mifugo anayelitazama ini kwa makini kila linapopatikana ana maabara ya bure.

Mnyoo huyu wa kwetu, Fasciola gigantica, ni mkubwa kuliko ndugu yake wa nchi za baridi. Mzima hufikia sentimita kadhaa. Mayai yake hushuka na nyongo, yakatoka na kinyesi. Yakiangukia majini huanguliwa, na kilichomo humtafuta konokono wa maji baridi wa jamii ya Lymnaea, hukua na kuongezeka ndani yake, kisha hutoka na kujibandika kwenye majani ya ukingoni, kikijifunika gamba kikisubiri kinywa. Ng'ombe akila jani lile, mtoto wa mnyoo hutoboa utumbo, huvuka tumbo, huingia ini na kulila njia nzima hadi kwenye mirija ya nyongo. Safari hiyo huchukua miezi mitatu na zaidi kabla yai la kwanza halijaonekana kwenye kinyesi. Kiangazi ndicho kinachomaliza: maji yakipungua, ng'ombe wote wa bonde hubanana kwenye kijani kilichobaki, na kijani kilichobaki ndicho chenye gamba.

Kiteto, kwenye nyanda kavu, maisha haya ya majini huwa na nafasi ndogo. Familia ilihama na dawa inayowajua minyoo wa kule. Minyoo wa huku hawakuwa kwenye orodha yake.

Olmukutan yenyewe inastahili heshima. Kitaalamu ni Albizia anthelmintica, na jina hilo la pili maana yake ni kinyume cha minyoo. Aliyeupa mti jina alikwisha kusikia sifa zake. Humea katika vichaka vikavu kuanzia Ethiopia hadi kusini mwa Afrika, na hutoa maua meupe ya nyuzinyuzi wakati matawi bado hayana majani. Ethiopia umetumika tangu zamani kuwatoa tegu kwa binadamu, katika nchi ambako nyama mbichi ni chakula cha heshima. Wamaasai, Wasamburu na Wakaramojong huutumia kwa watu na kwa mifugo: gome la shina au la mzizi hupondwa, hulowekwa au huchemshwa, huchujwa, kisha hunyweshwa. Ndani yake mna saponini, kemikali zinazotoa povu, zinazodhaniwa kuwa miongoni mwa zinazowadhuru minyoo. Ukizidisha, mnyama huharisha vibaya, na ndama dhaifu anaweza asirudi.

Je, inafanya kazi? Hapa wapenzi wa mitishamba na wapinzani wao wote hupenda kuchagua utafiti mmoja na kuuficha mwingine. Mwaka 2004 watafiti wa Kenya walichapisha jaribio walilolifanya Samburu kwa kondoo walioambukizwa minyoo malishoni. Mti huu ulipunguza mayai kwa karibu asilimia 90. Myrsine africana, ule wanaouita seketet, ukapunguza kwa asilimia 77. Albendazole, dawa ya minyoo ya dukani, ikafikia 100. Mwaka mmoja kabla, kundi jingine lilikuwa limeupima mti huo huo kwa kondoo walioambukizwa kwa makusudi Haemonchus contortus peke yake, na halikupata upungufu wa kuridhisha. Mwaka 2008 jaribio la Uganda, kwa dawa ya Wakaramojong na kondoo wa malishoni, lilirudi upande wa kwanza na kuonyesha inapunguza.

Mimi sioni ugomvi mkubwa hapo. Gome la mzizi si gome la shina, la kiangazi si la masika, la kuchemsha si la kuloweka, na kondoo wa malishoni ana mchanganyiko wa minyoo ambao kondoo wa bandani hana. Dawa ya dukani ina miligramu zilizoandikwa kwenye chupa. Gunia la magome halina. Na majaribio yote matatu ni ya kondoo, si ya ng'ombe, na hakuna hata moja lililowahusu minyoo wa ini. Anayesema "sayansi imethibitisha olmukutan" na anayesema "sayansi imeikataa" wote wamesoma juu juu.

Turudi kwenye vile vipande vyeupe. Vilikuwa vya tegu wa jamii ya Moniezia, ambao ndama huwapata kwa kumeza utitiri mdogo wa malishoni. Ni warefu, wanaonekana, wanachukiza, na kwa ng'ombe madhara yao huwa madogo. Haemonchus ni wembamba kama uzi, na wakifa huyeyuka njiani. Hutawaona kwenye kinyesi. Minyoo wa ini wakifa hubaki kwenye mirija wakioza. Kwa hiyo dawa yoyote inayofukuza tegu itasifiwa, hata kama haijamgusa anayenyonya damu, na dawa inayoua wanyonya damu kimyakimya inaweza kudharauliwa kwa sababu kinyesi ni kisafi. Mzee hakudanganywa na mti wala hakujidanganya. Alipima kwa kipimo pekee alichokuwa nacho, yaani macho, na macho humwona asiye na hatari.

Lakini haki itendeke pande zote, kwa sababu dawa ya dukani nayo ilikuwa imeshindwa katika boma hilo hilo, na ndiyo sababu mzee alilirudia gunia lake. Alinunua albendazole, akaambiwa jike mmoja mililita 25, akanywesha, hakuona nafuu. Kwa minyoo wa ini albendazole huhitaji miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili. Jike wa kilo 250 anahitaji miligramu 2,500. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika mililita moja, hivyo mililita 25 zinatosha kamili. Aliyonunua ilikuwa ya asilimia 2.5: mililita 25 zake ni robo ya dozi, na jike yule alistahili mililita 100. Chupa zinafanana, bei ya ile nyepesi inavutia, na muuzaji alitaja kipimo cha chupa nyingine. Robo dozi haimwachi mnyama bila nafuu tu. Huwaacha hai minyoo waliokwisha kuonja dawa, na hivyo ndivyo usugu unavyotengenezwa.

Hata ingekuwa kamili, albendazole huwaua minyoo wa ini waliokomaa tu. Wale wanaosafiri bado ndani ya nyama ya ini huwapita. Pia haipewi jike katika siku 45 za mwanzo za mimba. Triclabendazole, miligramu 12 kwa kilo, huwafikia hata wachanga, lakini haifai kwa jike ambaye maziwa yake yananywewa na watu, na katika boma la Kimaasai maziwa ndicho chakula cha watoto. Ukiandika dawa ile bila kuuliza nani anakunywa nini, umewaambia kina mama wamwage chakula, na hawatakimwaga. Kwa hiyo majike wanaokamuliwa walipewa dawa yenye oxyclozanide, inayoua minyoo waliokomaa, kwa kusoma karatasi ya chupa kuhusu maziwa, na ikapangwa irudiwe baada ya wale wachanga kupata muda wa kukomaa. Waliokauka maziwa walipata triclabendazole. Uzito ulikadiriwa kwa utepe wa kuzungushwa kifuani, maana kwa macho karibu kila mtu hukosea. Wakati wa kunywesha, kichwa kiliinuliwa kiasi cha pua kulingana na jicho, si zaidi. Ng'ombe aliyenyongwa shingo hupaliwa, dawa ikaingia mapafuni, akafa kwa homa ya mapafu huku lawama ikiiendea dawa. Hilo ni kweli kwa chupa ya dukani na kwa chupa ya olmukutan sawasawa.

Majike wengi walirudisha nyama mwilini masika yalipoingia. Nyasi mpya zilikuwa na sehemu yake katika hilo, na sitaidhulumu nyasi kwa kuipa dawa sifa yote. Mmoja hakupona, ini lake, safari hii, lilikatwa na kutazamwa na watu wazima wote wa boma.

Kuhusu malisho palikuwa na mazungumzo marefu na matokeo mafupi. Huwezi kumwambia mfugaji wa Mkata asilishe ukingoni wakati wa kiangazi, kwa sababu pengine hakuna nyasi. Kilichowezekana ni kuchimba kisima kifupi na kuweka hori la maji mbali na kinamasi, ili ng'ombe wasiingie kunywa na kujisaidia humo, na kuwazuia ndama wasifuate mama zao hadi kwenye tope. Kuua konokono kwa sumu kulipendekezwa na mtu mmoja na kukataliwa na wote. Kinamasi kile kina samaki wanaoliwa.

Wakabaki ndama, na hapa olmukutan ikarudi mezani. Ndama walikuwa na minyoo duara, aina ambazo mti huu angalau una hoja juu yao. Isipokuwa wadogo kabisa: ndama wa wiki mbili tatu huwa na Toxocara vitulorum, mnyoo anayepitia maziwa ya mama, na hao hawakustahili kujaribiwa chochote. Walipewa levamisole, dawa nyingine ya dukani, na mzee hakupinga. Wala sioni ajabu kuuchukulia mti kwa uzito. Katika milima ya Mahale, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na mganga wa Kitongwe Mohamedi Seifu Kalunde waliwafuatilia sokwe wagonjwa waliokuwa wakitafuna kiini kichungu cha shina la mmea Vernonia amygdalina, na Mzee Kalunde aliujua tayari kama dawa ya tumbo kwa watu wake. Ujuzi huanzia mahali kama hapo, kisha hupimwa.

Kwa hiyo nilipendekeza jaribio: ndama wakubwa wagawanywe makundi matatu, moja lipate olmukutan, moja albendazole, moja lisipate kitu, mayai yahesabiwe siku ya dawa na tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Dawa nzuri ya dukani hutarajiwa kupunguza mayai kwa asilimia 95 au zaidi. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Hili kundi la tatu," akauliza, "ni ndama wa nani?"

Wake. Na hakuna mfugaji atakayemwacha ndama anayeharisha ili karatasi yangu ipendeze. Tukaondoa kundi la tatu. Makundi yakabaki mawili, na kwa sharti kwamba ndama yeyote wa olmukutan atakayefifia ukope atahamishiwa albendazole mara moja. Kitaalamu jaribio lilidhoofika, kwa sababu bila wasiopewa kitu huwezi kujua mayai yangeshuka kiasi gani yenyewe. Lakini jaribio dhaifu linalofanyika bomani lina faida kuliko kamili lililobaki kwenye daftari, mradi usidai limethibitisha lisichothibitisha.

Kilichobaki ni kipimo cha dawa, na hapo mimi nilinyamaza. Mzee alitaka ichemshwe kama ilivyochemshwa Kiteto, konzi za gome kwa sufuria ile ile. Kina mama walisema gome limekaa gunini misimu miwili, limepoteza ukali, liongezwe. Na la kuchukua jipya ni mbali, tena miti ya kule njiani imekwisha kuchunwa magome pande zote hadi inakauka imesimama. Mtoto wa mzee aliyekwenda mara ya mwisho alirudi na la matawi tu. Walikubaliana kupima kwa mizani ya duka la pembejeo, gome liandikwe gramu zake kwa mara ya kwanza, na lile la matawi lisichanganywe na la mzizi.